Ufunguo Unalala kwa Nani?

Kila kufuli ina watu wawili: yuko anayefunga na yuko anayefungiwa. Tunapoisifu kufuli, aghalabu huwa tumesimama upande wa mwenye kufunga. Twatazama uzito wa chuma, twajaribu komeo kwa mkono, kisha twasema, "Hii ni kufuli kweli kweli." Ni mara chache tunapouliza swali la pili, ambalo lina maana kubwa zaidi kwa mtu akaaye ndani ya nyumba: mlango ukisha kufungwa, ufunguo unalala kwa nani?

Nataka, msomaji wangu, tulipeleke swali hilo mahali ambapo pengine hukutazamia kuliona, napo ni katika programu za kompyuta zitumiwazo kutunga na kurekodi muziki. Nyimbo nyingi uzisikiazo leo hazikurekodiwa na bendi nzima iliyokusanyika katika chumba kimoja. Kijana mmoja huketi mbele ya kompyuta akapanga ngoma, akaongeza gitaa, akarekodi sauti ya mwimbaji, kisha akapima kila sauti mpaka zote zikapatana. Programu ndiyo karakana yake. Majina ya karakana hizo huenda unayajua tayari: Cubase, Logic, Pro Tools, FL Studio na nyinginezo. Waliozitunga wanataka kulipwa, na kwa sababu hiyo wamezitia kufuli. Kufuli zenyewe ni za aina mbili kubwa. Moja ni kifaa cha kushikika kwa mkono; ya pili ni leseni isiyoonekana, iliyoandikwa katika kompyuta yako na katika daftari la kampuni. Mafundi wa muziki wamebishana kwa miaka mingi ni ipi iliyo bora. Mimi naona ya kwamba ubishi huo aghalabu huanza mahali pasipofaa, na katika kurasa hizi nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza yatupasa tuwatendee haki watengenezaji. Anayetaka kinanda cha pili hana budi kutafuta mbao za pili, nyaya za pili na fundi wa kuviunganisha. Programu haiko hivyo. Kazi iliyowachukua watu wengi miaka mingi yaweza kunakiliwa kwa dakika moja, na nakala ikawa sawa na asili katika kila jambo. Wepesi huo wa kunakilika ni neema kwa mtumiaji, lakini kwa mtungaji waweza kuwa msiba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, sawasawa na kitabu, na tena yakataza kuvunja vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa ili kuilinda kazi ya mtu. Basi hatuulizi kama mtengenezaji ana haki ya kufunga mlango wake. Haki hiyo anayo. Tunauliza jinsi anavyoufunga, na yale yanayompata mnunuzi mwaminifu baada ya kulipa.

Na tuitazame kufuli ya kwanza. Mafundi huiita dongeli. Mimi nitaiita kifunguo, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Siku hizi ni kijiti kidogo, kadiri ya kidole gumba, kichomekwacho katika tundu la USB la kompyuta. Ndani yake imehifadhiwa namba ya siri. Programu inapoanza kazi hukiuliza kifunguo swali, nacho hulipigia hesabu kwa ile namba yake kikarudisha jibu. Jibu likiwa sahihi, programu huendelea. Kifunguo kikichomolewa, programu hugoma. Namba yenyewe haitoki nje kamwe. Mfano wake ni mtu athibitishaye ya kwamba anaijua siri bila kuitaja siri mbele ya watu.

Mji wa Hamburg, Ujerumani, una sehemu kubwa katika historia ya jambo hili. Kampuni ya Steinberg ilianzishwa huko mwaka 1984, na mwaka 1989 ikatoa programu ya Cubase kwa kompyuta ya Atari ST. Mnunuzi alipewa kifunguo cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, katika tundu la katriji. Katika mji huo huo kampuni ya C-Lab iliuza programu ya Notator, nayo ilikuwa na kifunguo chake. Baadhi ya watu wa C-Lab wakaunda kampuni ya Emagic, iliyotengeneza Logic, na programu hiyo baadaye ikalindwa kwa kifunguo cha USB kilichoitwa XSKey. Upande wa Marekani, kampuni ya PACE ikatoa iLok, kifunguo kimoja chenye kubeba leseni za kampuni nyingi kwa pamoja. Na Pro Tools ni miongoni mwa programu mashuhuri zilizofungwa kwa kifunguo hicho.

Kifunguo kina sifa zake, na si haki kuzificha. Sifa ya kwanza ni kwamba chashikika. Mwenye nacho ajua anacho, na asiye nacho ajua hana. Fundi aweza kuiweka programu katika kompyuta ya nyumbani na katika kompyuta ya studio, kisha akaenda huku na huko na kifunguo kimoja mfukoni, bila kumwandikia mtu barua wala kuomba ruhusa. Sifa ya pili ni kwamba, leseni ikisha kuwekwa ndani yake, hakihitaji intaneti kila siku. Mtu afanyaye kazi mahali ambapo mtandao hukatika mara kwa mara, iwe ni Lamu au Lodwar, ataielewa faida hii upesi kuliko mtu wa mji mkuu. Sifa ya tatu ni kwamba hakijali kompyuta ikifa. Kompyuta ikiungua kwa hitilafu ya umeme, leseni hubaki salama katika kijiti, na mwenyewe hukichomeka katika mashine nyingine akaendelea na wimbo pale alipoachia.

Walakini, hila zake nazo ni nyingi. Thamani ya karakana nzima imewekwa ndani ya kitu kiwezacho kuanguka katika mtaro. Mwizi akiiba kijiti hicho kidogo, ameiba programu zote zilizo ndani yake, na huenda hata hajui alichokiiba. Kifunguo hujaza tundu katika kompyuta ambayo pengine ina matundu mawili tu. Tena mara nyingi mnunuzi ndiye akilipiaye, yaani ananunua mlango, kisha anatakiwa anunue na kufuli ya kumzuia yeye mwenyewe. Kwa mnunuzi aliye mbali na Ulaya au Marekani kuna na gharama ya kukisafirisha, na siku za kukingoja kifike. Lakini hila kubwa ni ya wakati. Matundu ya kompyuta hubadilika. Kile kifunguo cha Atari, kilichokuwa na nguvu zote mwaka 1989, hakiingii katika kompyuta yo yote iuzwayo madukani leo. Kufuli haikuvunjika, na ufunguo haukupotea. Tundu ndilo lililotoweka duniani.

Sasa na tuitazame kufuli ya pili. Katika leseni ya programu hakuna kijiti. Mnunuzi hupewa namba ndefu, au hufunguliwa akaunti kwa jina lake. Programu huzitazama alama za kompyuta yake, ikazipeleka kwa kampuni kwa njia ya intaneti, nayo kampuni hurudisha kibali kinachoifaa kompyuta ile tu. Nyingine huruhusu kompyuta mbili au tatu. Hakuna cha kuvunjika, hakuna cha kuangusha njiani, wala hakuna mzigo wa kupita forodhani. Mwanafunzi aliyepata fedha zake asubuhi aweza kuwa anapanga ngoma adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Kompyuta yake ikiibwa, aweza kuwaandikia kampuni wakamhamishia leseni katika kompyuta nyingine.

Kwa wepesi huo si ajabu kwamba wengi wameviacha vifunguo. Mwaka 2007, Logic ya toleo la nane ilitoka bila XSKey. Steinberg, waliokuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa kifunguo, walikiacha mwaka 2022: Cubase ya kumi na mbili ilitoka na leseni ya akaunti, na mnunuzi akaruhusiwa kuitumia katika kompyuta tatu. Aliyetazama juu juu atasema ubishi umekwisha na leseni imeshinda. Lakini ushindi sokoni na ubora si kitu kimoja, na kazi ya mhakiki ni kuvitenga.

Hebu tuulize tena lile swali letu. Kifunguo cha mkononi hulala kwa mnunuzi, chini ya mto wake akitaka. Leseni ya akaunti hulala wapi? Jina lako liko katika kompyuta yako, ni kweli, lakini kitabu cha majina kiko kwa kampuni. Siku utakayonunua kompyuta mpya, au kuitengeneza upya ya zamani, itakubidi ubishe hodi kwa kampuni na kusema, "Mimi ndiye." Kampuni ikiwa hai na yenye hisani, itafungua. Ikiwa imekufa, utabisha mlango usio na mtu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa yule ndugu yu mbali sana, tena hakujui.

Usidhani nasema mambo ya kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya Cakewalk ya Marekani, iliyotengeneza programu ya Sonar, iliwauzia wateja ahadi ya kupata matoleo mapya maisha yao yote. Novemba 2017, kampuni ya Gibson iliyoimiliki Cakewalk ilitangaza kwamba kazi ya kuiendeleza programu hiyo imekoma. Wateja walifahamu siku hiyo ya kwamba neno "maisha" katika mkataba lilikuwa na maana ya maisha ya muuzaji, wala si ya mnunuzi. Bahati yao, mwaka 2018 kampuni ya BandLab ya Singapore iliinunua kazi ile ikaitoa bure. Walakini bahati ni kitu cha kushukuriwa kikija, wala hakiwekwi katika hesabu kabla hakijaja.

Tena iko aina ya leseni iliyokwenda mbali zaidi, nayo ni ya kulipa ada kila mwezi au kila mwaka. Mtu huyu hanunui karakana, anaipanga. Kwa anayetaka programu kwa kazi ya miezi miwili, upangaji waweza kuwa nafuu, na ni haki tukubali hivyo. Lakini mpangaji asipolipa hutolewa. Machi 2023 kampuni ya Waves ya Israeli, inayouza programu ndogo za kurekebisha sauti, ilitangaza kwamba itaacha kuuza leseni za kudumu na kwamba wateja watalipa ada. Wanamuziki wakapiga kelele duniani kote, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma ikaziuza leseni za kudumu kama kwanza. Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wanunuzi wakisema kwa sauti moja husikiwa. La pili, ambalo wengi hulisahau kwa furaha ya lile la kwanza, ni kwamba badiliko kubwa namna ile liliweza kuamuliwa mahali pamoja, na wenye kuathirika wakalisoma kama habari.

Huenda msomaji mwepesi wa kuhukumu amekwisha kusema, "Basi kifunguo ni bora, maana hulala kwangu." Na asingoje sana furaha hiyo, kwa maana hata kifunguo si huru kama kionekanavyo. Mwezi wa Julai 2002, kampuni ya Apple iliinunua Emagic, na papo hapo ikatangazwa kwamba Logic haitatengenezwa tena kwa kompyuta za Windows. Mwenye kuitumia katika Windows alikuwa na kifunguo chake mkononi, nacho kilifungua nyumba ile ile ya zamani. Lakini nyumba haikutiwa tena chokaa wala paa jipya, na majirani wote wakahamia kwingine. Juni 2013, PACE walipobadilisha mfumo wao wa kusimamia leseni za iLok, baadhi ya wanunuzi halali walijikuta hawawezi kuzitumia leseni walizozilipia, ijapokuwa vifunguo vyenyewe vilikuwa mbele yao mezani. Na mwaka 2025 Steinberg waliifunga huduma iliyokuwa ikivisimamia vifunguo vyao vya zamani. Kifunguo kizima chaendelea kufungua programu zilizomo. Lakini kikifa, hapana tena ofisi ya kukipeleka. Kwa hiyo hata kijiti cha mkononi kina uzi mwembamba usioonekana, na ncha ya pili ya uzi huo imeshikwa na kampuni.

Hapa ndipo naona kwamba ubishi wa mafundi huanza mahali pasipofaa. Wao huuliza: ni ipi iliyo ngumu kuvunjwa, na ni ipi iliyo nyepesi kutumia? Hayo ni maswali ya mwuza kufuli. Swali la msanii ni jingine, nalo ni kubwa zaidi: ni kitu gani hasa kilichofungiwa humo ndani?

Fikiri jinsi wimbo unavyohifadhiwa katika programu. Unapomaliza kazi ya usiku na kuiweka, huweki wimbo uliokamilika kama uliomo katika sahani ya santuri. Unaweka faili la maagizo: hapa ngoma iingie, hapa sauti ya mwimbaji ipunguzwe, hapa mwangwi uongezwe. Faili hilo laeleweka na programu ile iliyoliandika. Kwa nyingine aghalabu ni maandishi ya lugha ngeni. Basi siku programu itakapogoma kufunguka, hukukosa programu peke yake. Umeikosa na kazi yako. Mtengenezaji alikusudia kufunga mali yake, na hilo ni haki yake. Lakini, pengine bila kukusudia, amefunga na mali yako pamoja nayo. Sauti ya nyanya yako uliyoirekodi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ukaipangia ala, imo ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko ng'ambo.

Linganisha na ala za wazee wetu. Mtu aweza kurithi nyatiti ya babu yake, akabadilisha nyuzi, akaipiga jioni hiyo hiyo. Nyatiti haimwulizi mpigaji kama fundi aliyeichonga yu hai, wala haimtaki aonyeshe risiti. Udi wa mpiga taarabu waweza kuuzwa, kuazimwa, kurithiwa na hata kusahauliwa darini miaka ishirini, kisha ukatoa sauti. Programu ni ala ya kwanza katika historia ya muziki iwezayo kumkataa mwenyewe. Najua mtu atasema ya kwamba programu hufanya mambo ambayo nyatiti haiwezi. Ni kweli, lakini uwezo wa chombo na uaminifu wake ni sifa mbili, na moja haiilipii nyingine.

Mahakama nazo zimeliona tatizo hili. Tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtu aliyenunua leseni isiyo na ukomo wa muda aweza kuiuza tena, hata kama programu aliipata kwa njia ya intaneti. Hukumu hiyo ni ya Ulaya, wala haitufungi sisi huku. Lakini fikra iliyomo ni ya watu wote: kitu kikisha kuuzwa, muuzaji hana haki ya kuendelea kukishika mkia.

Sasa nije kwa wale wasemao kwamba njia iliyo nyepesi ni kuchukua nakala iliyovunjwa. Vijana wengi husema hivyo, na hoja yao si ya kipumbavu. Husema, "Mwizi hana kifunguo cha kupoteza, wala hana akaunti ya kufungiwa. Anayeteseka ni aliyelipa." Katika maneno hayo mna nusu ya kweli, na ni nusu inayowapasa watengenezaji kuisikia kwa aibu: ni kweli kwamba kufuli nzito humchosha zaidi mtu mwaminifu, ambaye huipita kila siku, kuliko mwizi, ambaye huivunja mara moja. Lakini hitimisho lao halifuati. Usumbufu wa mlango haukupi haki ya kuingia kwa dirisha. Tena nakala iliyovunjwa imepita mikononi mwa watu usiowajua, na waweza kuipokea pamoja na maradhi ya kompyuta yaliyofichwa ndani. Zaidi ya hayo, wewe utakaye kuwa mwanamuziki unategemea sheria ile ile. Utasimamaje mbele ya watu kudai malipo ya wimbo wako, hali karakana ulimoutengeneza umeiiba?

Na hakuna haja ya kuiba, maana wako watengenezaji walioonyesha ya kwamba mlango waweza kuwa na kufuli na bado ukawa na adabu. Kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, watengenezaji wa FL Studio, humpa mnunuzi matoleo mapya bila malipo mengine. Programu ya Reaper, ya kampuni ya Cockos ya Marekani, humpa mtu siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Siku hizo zikipita haimfungii kazi yake. Humkumbusha tu kila anapoifungua kwamba bado hajalipa. Mtu aweza kusema huo ni ujinga wa biashara. Mimi nasema ni hesabu ya mtu aliyeona kwamba mwizi hatalipa kwa vyo vyote vile, na kwamba aliye mwaminifu hulipa kwa moyo zaidi pale anapotendewa kama mwaminifu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kati ya kifunguo na leseni, kifunguo ni bora kwa mtu aliye mbali na mtandao na mwenye uangalifu wa vitu vyake, na leseni ni bora kwa mtu ahamaye au aliye katika hatari ya kuibiwa. Hiyo ni hukumu ndogo. Hukumu kubwa ni kwamba kufuli yo yote, ya kijiti au ya akaunti, ni mbaya kwa kadiri inavyomwacha mnunuzi bila njia siku mtengenezaji atakapoondoka. Mtengenezaji mwema huandaa siku yake ya kufa. Husema mapema: tukifunga duka, tutatoa toleo lisilo na kufuli, ili kazi zenu zifunguke. Ahadi ya namna hiyo, ikiandikwa katika mkataba, yanipendeza kuliko kufuli kumi za werevu mkubwa.

Kabla hujanunua programu, msomaji, uliza maswali manne, tena uyaulize kabla ya kutoa fedha. Je, itafanya kazi kwa muda gani bila intaneti? Kompyuta yangu ikifa, nitahamishaje leseni, na mara ngapi? Nikiacha kulipa, je, kazi zangu za zamani zitafunguka? Nikitaka kuiuza au kumpa ndugu yangu, naruhusiwa? Muuzaji ajibuye maswali hayo kwa maneno mafupi ni wa kusikilizwa. Anayekujibu kwa sifa za programu hajakujibu.

Kisha fanya jambo moja ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Kila wimbo unapokamilika, toa kila sauti peke yake, ngoma mbali, gitaa mbali, mwimbaji mbali, uziweke kama faili za WAV. Na noti ulizozipiga uziweke kama faili la MIDI. Mtindo wa MIDI umetumika tangu 1983 na ule wa WAV tangu 1991, na programu za kampuni zinazoshindana huifungua mitindo hiyo miwili bila kuuliza ni ya nani. Weka nakala mbili mahali pawili. Andika katika daftari jina la wimbo, mwendo wake, tarehe, na majina ya walioshiriki, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi hiyo itakugharimu nusu saa kwa kila wimbo. Ukisha kuifanya, kifunguo kikipotea au kampuni ikifungwa, utakuwa umepoteza chombo, na chombo hununuliwa kingine. Wimbo utakuwa bado umelala kwako.